Bampa la Ndabibi

Bampa lilikuwa limelala sakafuni katikati ya ofisi ya CID Nakuru kama mgonjwa aliyenyimwa kitanda, na kila aliyeingia alilazimika kuliruka. Sajini Khaemba alikuwa amechoka kuruka. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akalikazia macho kana kwamba ni mshukiwa aliyekataa kusema.

Lilikuwa bampa la lori la jeshi, la wakati wa vita. Kutu ilikuwa imelila kote nyuma, lakini mbele, mahali udongo wa Ndabibi ulilibana, rangi ilikuwa bado hai. Upande mmoja palikuwa na duara la manjano lenye namba 9 kwa rangi nyeusi. Upande wa pili palikuwa na mraba wa buluu, na ndani yake 71 kwa rangi nyeupe.

"Mliipata namna gani?" akauliza.

Kiprugut, dereva wa trakta kutoka shamba moja la Ndabibi, alikuwa amesimama mlangoni akizungusha kofia yake mkononi.

"Afande, si nimeshasema?"

"Sema tena. Mimi kichwa yangu ni ngumu."

"Tulikuwa tunachimba bwawa ya ng'ombe kwa korongo. Sururu ikalia ngaa! Nikasema hiyo ni jiwe. Ikalia tena ngaa! Jiwe hailii hivyo. Tukachimba, tukaona pua ya lori. Ndani kuna mtu. Yaani si mtu mtu, ni mifupa. Vijana wote wakatoroka. Hata mimi nikatoroka kidogo."

"Kidogo mpaka wapi?"

"Mpaka nyumbani. Bibi yangu ndiye alinirudisha."

"Na hii bampa?"

"Memsabu alisema nilete kitu moja ya kuonyesha polisi. Lori yenyewe imezikwa mpaka shingo, bampa ndiyo ilikuwa inashikika. Kulikuwa na mnyororo inasumbua, tukakata na msumeno. Halafu tukafungua bolti, ndiyo hiyo."

Khaemba aliitikia kwa kichwa tu. Macho yake yalikuwa kwenye rangi.

Habari yenyewe Nakuru nzima iliijua. Masika ya mwaka wa arobaini na nne, malori mawili ya jeshi yalitoka Gilgil yakiwa na kokoto za kutengeneza barabara ya Mai Mahiu. Hayakufika. Jeshi lilitafuta kidogo kando ya barabara kuu, halafu likaandika kwamba madereva wametoroka na wameuza malori. Dereva mmoja alikuwa Nicodemus Owino, Mjaluo, mtoto wa fundi wa reli. Mwingine alikuwa Farah, mtoto wa Mzee Muhidin mwenye bucha pale mjini.

Miaka kumi na miwili nyumba hizo mbili zimeishi na neno moja: mtoro. Watu wa Owino walikataa kumfanyia matanga, wakasema mtoro hajafa, watamliliaje mtu ambaye pengine anakula samaki Kampala? Mke wake, Eucabeth, akabaki si mjane wala si mke. Kwa Mzee Muhidin, posa mbili za binti yake zilirudi. Nani anataka shemeji mwizi?

Sasa limepatikana lori moja, lenye mtu mmoja. Kile kitambulisho cha shingoni cha askari hakikuwa cha bati bali cha nyuzi zilizogandishwa, kimeoza. Viatu na mshipi vilikuwa vya serikali, vyote sawa. Makaratasi ya malori hayo jeshi lilishayachoma zamani. Kilichobaki ni picha mbili, ambazo jeshi lilizituma kutoka Nairobi zikiwa zimefungwa kati ya makadibodi.

Ya kwanza ilipigwa na mpiga picha wa jeshi. Owino amesimama wima kando ya lori lake, shingo imekazwa. Kwenye bampa, mraba unaonekana wa giza, namba 71 inasomeka. Duara ni jeupejeupe, na 9 yake iko wazi.

Ya pili ilipigwa na studio ya Nakuru. Farah ameweka mguu mmoja juu ya bampa kama mwindaji na simba wake, anacheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Lakini kwa lori lake mraba ni mweupe, na duara ni jeusi tititi.

Mlango ukafunguka. Bwana Hallam, supritendenti, aliruka bampa bila kuangalia chini, akachukua picha, akaangalia bampa, akaangalia picha.

"Buluu ni giza," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Manjano ni kama nyeupe. Iko sawasawa na picha ya Owino. Hii ingine ni alama ya kikosi ingine. Kwisha maneno, Sajini. Peleka mifupa kwa bibi ya Owino, yeye napanda treni ya jioni. Mimi nakwenda Subukia."

"Bwana, pengine tungoje kidogo..."

"Ngoja nini? Iko Emergency, Mau Mau iko msituni, hii ni lori ya zamani."

Akaruka bampa tena, akatoka.

Nje kwenye veranda kulikuwa na benchi moja refu. Eucabeth alikaa mwisho wa huku, Mzee Muhidin mwisho wa kule, na katikati yao pangetosha watu wanne. Walikuwa hapo tangu mapambazuko bila kusemezana. Bwana Hallam aliwatupia uamuzi wake akiwa anavaa glavu, akaingia kwenye Landrova.

Eucabeth hakupiga nduru. Alichukua ncha ya leso yake akajiziba mdomo, akainama.

Mzee Muhidin alisimama polepole, akaweka sawa kofia yake.

"Pole, mama," akamwambia. "Umempata wako. Mungu akupe nguvu."

"Asante, baba."

Halafu mzee akamgeukia Khaemba aliyekuwa mlangoni. "Na wangu, Sajini? Wangu anabaki mwizi?"

"Mzee, bado..."

"Jibu tu ndiyo ama hapana. Mimi nimezoea."

Khaemba aliangalia Landrova ya Bwana Hallam ikiishia barabarani.

"Basi naenda kufungua bucha," mzee akasema. "Watu hawataacha kula nyama kwa sababu ya Farah."

Khaemba alirudi ndani, akatoa kioo cha kukuzia kwenye droo, akainamia picha ya Farah mpaka pua ikagusa. Kuna kitu kilikuwa kinamwasha tangu asubuhi. Mraba mweupe haukuwa na namba. Duara jeusi pia halikuwa na namba.

Akaketi wima. Yeye mwenyewe alikuwa askari wa King's African Rifles, na jeshi alilolijua yeye lilipaka namba hata kwenye ndoo za choo. Mraba mtupu? Duara tupu? Hakuna mkubwa wa jeshi ambaye angelala usingizi.

Akaigeuza picha. Nyuma palikuwa na muhuri wa studio, mtaa wa tatu kutoka hapo.

"Kiprugut!"

"Afande?"

"Usiende Ndabibi. Lala kwa trela yako ukitaka, lakini nikirudi nikupate."

Studio ilikuwa na pazia lenye mchoro wa Mlima Kenya ambao aliyeuchora hakuwahi kuuona. Mbele ya mlima huo Nuria alikuwa akimpanga bwana mmoja mwenye suti ya kuazima. Studio ilikuwa ya baba yake, aliyehamia Nakuru kutoka Mombasa kabla ya vita. Alipokufa watu walingoja studio ifungwe. Nuria akafungua mapema zaidi.

"Bwana, usipumue," alimwambia mteja. "Haya. Pumua. Sajini, kama ni picha ya kitambulisho cha polisi, mwanga wa leo si mzuri kwa pua kama yako."

"Pua yangu haina kesi. Angalia hii. Ni kazi ya baba yako?"

Nuria alipokea picha ya Farah, akatabasamu kabla hajajizuia. "Ni yake. Huyu kaka alikataa kuja studio, akasema lori lake halitapita mlangoni. Baba akabeba kamera mpaka barabarani."

"Hili duara lilikuwa rangi gani?"

"Nitajuaje? Nilikuwa nashika mwavuli wa kumkinga baba jua."

"Linaonekana jeusi."

"Kuonekana jeusi na kuwa jeusi ni mambo mawili. Baba alikuwa anatumia vioo vya zamani vilivyopakwa dawa ya picha, sio filamu za siku hizi. Vile vioo viliona buluu vizuri kupita kiasi. Manjano viliona vibaya. Nyekundu havikuona kabisa, ndiyo maana aliweza kuviosha chini ya taa nyekundu. Maharusi walilia hapa! Mtu anajipaka midomo nyekundu, picha inatoka kama amekula makaa."

Khaemba aliacha kucheka katikati. "Buluu inatoka vipi?"

"Nyeupe."

"Na manjano?"

"Karibu nyeusi."

"Unaweza kuapa?"

"Ya nini kuapa? Njoo dirishani."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli ya chai. Ukuta wake ulikuwa wa buluu, na juu yake maandishi makubwa ya manjano: CHAI MOTO WAKATI WOTE. Rangi ilikuwa imebambuka huku na huku.

"Mwenyewe hajapaka tena tangu kabla ya vita kwisha," Nuria akasema. "Anangoja mvua impakie." Akafungua kabati, akapekua, akamletea picha ya hoteli hiyo hiyo, mwenye hoteli akiwa kijana mwenye nywele. "Hii baba aliipiga kwa vioo vile vile, mwezi ule ule aliompiga Farah."

Katika picha ukuta ulikuwa mweupe kama maziwa. Maandishi yalikuwa meusi.

Khaemba akaangalia ukuta. Akaangalia picha. Akaangalia ukuta tena. Kule hotelini wateja wawili walimwona askari anawakodolea macho, wakaacha chai yao mezani, wakatoka kwa mlango wa nyuma.

"Umemfukuzia wateja," Nuria akasema.

"Nitakunywa mimi hiyo chai. Kioo chenyewe cha Farah bado unacho?"

Kilikuwa kwenye sanduku, kimefungwa gazeti. Nuria alikinyanyua kwenye mwanga, akakiinamisha hivi na vile, kisha akamwekea Khaemba kioo cha kukuzia juu yake.

"Angalia pole pole. Nyeupe juu ya nyeupe haionekani haraka. Na nyeusi juu ya nyeusi hivyo hivyo."

Ilichukua muda. Halafu, ndani ya mraba, kama mtu anayejitokeza kwenye ukungu, ikaja 7, nyuma yake 1. Ndani ya duara ikaja 9.

Khaemba alishusha mkono. Malori mawili hayakuwa ya vikosi viwili. Yalikuwa ya kikosi kimoja, buluu ile ile, manjano yale yale, namba zile zile. Jeshi lilipiga moja kwa filamu ya kisasa, mzee wa studio akapiga lingine kwa kioo cha zamani, na Bwana Hallam akaona vitu viwili mahali palipo na kimoja.

"Kwa hiyo nimekusaidia?" Nuria akauliza.

"Umeniharibia kabisa. Nilikuja na jibu, sasa sina. Ile mifupa inaweza kuwa ya yeyote kati yao."

Nuria alikifunga kioo kwenye gazeti lake. Hakufanya mzaha tena. "Na mmoja wao anapelekwa Nyanza jioni hii?"

"Jeneza liko tayari."

Kwenye kivuli cha mochari shemeji wawili wa Eucabeth walikuwa wanapigilia misumari. Jeneza lilikuwa la mbao za podo, jipya, linanuka maranda. Eucabeth alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la safari akiwa na kikapu miguuni.

"Simamisheni hiyo nyundo," Khaemba akasema.

Nyundo ikasimama hewani.

Akamweleza Eucabeth yote, bila kuzunguka: picha, vioo, ukuta wa hoteli. Mama huyo alisikiliza bila kupepesa macho. Alipomaliza, shemeji mmoja akarukia.

"Afande, mkubwa wako amesema ni Owino! Mzungu amesema! Wewe unatoka wapi na hoteli ya chai?"

"Nyamaza, omera, ndugu yangu," Eucabeth akamwambia. Kisha kwa Khaemba: "Unasema nitazika mtoto wa Muhidin kwa boma yangu? Na yangu abaki kwa matope?"

"Nasema sijui, mama. Na sitaki uzike mtu usiyemjua. Nisaidie. Owino alikuja likizo mara ya mwisho lini?"

"Kabla tu ya hiyo mvua."

"Alisema nini juu ya kazi? Chochote. Hata upuzi."

Eucabeth alifikiri. Halafu kicheko kidogo kikamponyoka, akakishika kwa mkono kama mtu aliyekohoa kanisani.

"Ilikuwa ni vumbi tu. Vumbi, vumbi. Nilimuosha kichwa mara mbili, maji ikatoka kama uji. Nikamuuliza, wewe unaendesha lori ama unalala chini yake? Akaniita kwa jina la kwetu, akasema, 'Nyakwaka, mimi ni wa nyuma. Wanatufunga wawili wawili, na huyo Farah hakubali kukaa nyuma hata siku moja. Nimekula vumbi yake mpaka tumekuwa ndugu wa tumbo moja.' Hivyo ndivyo alisema. Alimpenda sana huyo kijana."

Khaemba alichomoa picha mbili kutoka mfukoni. Farah: uso safi, taa za lori zinang'aa. Owino: miwani ya vumbi inaning'inia shingoni, na kuzunguka macho ana miduara miwili misafi katika uso uliopauka kama wa mtu aliyetoka kwenye kinu cha unga. Boneti lake lote lilikuwa limefunikwa na poda. Alikuwa ameiangalia picha hiyo tangu asubuhi na hakuona ila bampa.

"Wawili wawili," akasema. "Wanafungwa na nini?"

"Kwa matope walifungwa na mnyororo. Wa mbele akipita, anavuta wa nyuma."

Khaemba aligeuka bila kuaga. Shemeji walimwona afisa wa serikali akikimbia, jambo ambalo lilikuwa halijaonekana Nakuru tangu siku simba alipoingia kituo cha reli.

Kiprugut alikuwa amelala kwenye trela, kofia usoni.

"Ule mnyororo mliokata!"

"Mnyororo gani? Mimi sijaiba mnyororo!"

"Ulikuwa umefungwa wapi kwa lori?"

"Kwa bampa, afande. Hapo chini, upande wa mbele. Enda uone, pingili moja bado iko."

Khaemba alienda akapiga magoti sakafuni. Chini ya bampa, nyuma ya donge la udongo, pingili moja nene ilikuwa bado imekaa kwenye kulabu, imekatwa upya, inang'aa.

"Na upande ule mwingine? Uliishia wapi?"

"Uliingia chini ya udongo."

"Ulikuwa umelegea?"

"Hapana! Umekaza kama kamba ya ngoma. Tulifunga kwa trakta tukavuta, trakta ikainua miguu. Ndiyo tukakata."

Khaemba alibaki amepiga magoti. Lori lenye mnyororo mbele ni lori linalovutwa. Linalovutwa ni la nyuma. Na wa nyuma alikuwa Owino, hakukubaliwa kuwa wa mbele hata siku moja. Bwana Hallam alikuwa amepata jibu sahihi kwa hesabu mbovu.

Lakini mnyororo una ncha mbili. Na mnyororo uliolegea umeangushwa tu, uliokaza bado umeshika kitu.

Bucha ya Mzee Muhidin ilikuwa imejaa watu. Mzee alikuwa akikata ubavu wa mbuzi, shoka juu, shoka chini.

"Nikukatie kilo ngapi, Sajini?"

"Mzee, nina swali moja. Wiki ile Farah alipotea, wewe ulipita barabara ya Mai Mahiu?"

Shoka likakaa kwenye gogo. "Nilipita na pikapu yangu, nilikuwa naleta mbuzi. Kwa nini?"

"Daraja lilikuwaje?"

"Mvua ilikuwa imelila upande mmoja. Wakaweka ubao wenye namba tano. Mimi na pikapu wakanipitisha. Malori makubwa yote yakarudishwa."

"Lile duara la manjano kwenye bampa ni uzito wa lori, mzee. Ni kwa ajili ya madaraja. Ubao ukiwa na namba ndogo kuliko ya duara lako, hupiti. Lori la Farah lilikuwa tisa."

Mzee Muhidin alijifuta mikono kwa aproni yake, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo hawakupita daraja."

"Walirudishwa. Wakazunguka nyuma ya ziwa, kwa Ndabibi. Jeshi lilitafuta kwa barabara kuu, halikupata kitu, likasema wameuza malori. Mzee, funga bucha. Kesho asubuhi nakuja kukuchukua. Sikuahidi kitu. Lakini njoo na sanda."

Jioni treni ya Kisumu iliondoka bila jeneza. Khaemba alikuwa amemwendea Eucabeth kumwambia kwamba sasa hana shaka, mume wake ni huyo aliye naye, aende salama. Shemeji walikuwa wameshainua jeneza. Eucabeth akawaambia waliteremshe.

"Na huyo wa mbele?" akauliza.

"Tutamchimba kesho."

"Basi tutangoja kesho. Owino mwenyewe hangepanda treni akamwacha."

"Mama, tiketi..." shemeji akaanza.

"Shuka na jeneza."

Asubuhi korongo la Ndabibi lilikuwa kavu, udongo wake mwepesi na wa kijivu, ukipanda hewani kwa kila koleo. Kiprugut aliongoza trakta. Wafanyakazi wa shamba walichimba wakifuata mnyororo pingili kwa pingili, kama watu wanaovuta kamba ya kisima. Mzee Muhidin alisimama ukingoni na sanda kwapani. Eucabeth, aliyekataa kuliacha jeneza Nakuru, alikuja akasimama karibu naye. Safari hii kati yao pangetosha mtu mmoja, tena mwembamba.

Hawakwenda mbali. Kabla ya saa sita sururu ikalia ngaa.

"Hiyo si jiwe!" Kiprugut akapiga kelele, na safari hii hakutoroka.

Ncha ya pili ya mnyororo ilikuwa kwenye kulabu ya nyuma ya lori la pili. Lori lenyewe lilikuwa limeshavuka kitako cha korongo, pua yake imeelekea juu, ng'ambo, mahali pakavu. Walipofika kwenye kibanda cha dereva Khaemba aliwasimamisha wote, akashuka peke yake na brashi. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa wa kijivu kote isipokuwa macho.

"Yumo," akasema.

Mzee Muhidin alifumba macho. Midomo yake ilisema, "Inna lillahi..." na iliyobaki ikaenda ndani.

"Mzee, nisikilize, kwa sababu hii nitaiandika na jeshi lazima liisome. Farah alikuwa amevuka. Mbele yake ilikuwa nchi kavu. Gia iko kwa namba moja. Mnyororo umekaza. Mafuriko yalipokuja na udongo wake, alichohitaji ni kuruka chini, apige ile kulabu na nyundo moja, aende zake. Hakuifungua. Alikuwa anamvuta mwenzake."

Mmoja wa vijana wa shamba alivua kofia, na wengine wakafuata.

Eucabeth alikuwa wa kwanza kusogea. Alivua leso yake ya mabegani, akaitandaza ukingoni ili sanda isiguse vumbi, akamsaidia mzee kuifungua.

Mchana Khaemba alipiga simu kutoka nyumba ya memsabu kumpata Bwana Hallam.

"Kwa hiyo mifupa ya kwanza ni ya Owino," sauti ikasema. "Mimi nilisema nini?"

"Ulisema ni ya Owino, bwana."

"Basi."

"Ndiyo, bwana. Lakini naleta bampa ingine. Tutakuwa nazo mbili ofisini za kuruka."

Akaweka simu kabla ya kusikia jibu.

Nje magari mawili yalikuwa yanangoja kurudi Nakuru: lori la shamba lililobeba jeneza la podo, na pikapu ya bucha iliyosafishwa kwa maji na ubani. Bampa la pili lilikuwa nyuma ya Landrova ya Khaemba, manjano yale yale, buluu ile ile.

Dereva wa pikapu alishawasha injini na kusogea mbele, kwa sababu Mwislamu hacheleweshwi kuzikwa na watu walikuwa wanangoja msikitini. Mzee Muhidin akamgonga begani.

"Simama. Acha lori lipite."

"Mzee, hii barabara ni vumbi tupu. Tukikaa nyuma ya lori hatutaona njia."

"Mama ameniambia yule kijana amekula vumbi ya Farah vita nzima. Leo atangulie."

Lori likapita. Eucabeth alikuwa ameketi juu kando ya jeneza, akamwinamia mzee kichwa kidogo. Vumbi likainuka nyuma yake, jeupe, zito, likaifunika pikapu yote. Dereva akashika mpini ili apandishe kioo.

"Acha wazi," mzee akasema.